Kupima Filamu ya Katuni Kabla Mwanao Hajaitazama: Mwongozo kwa Wazazi Wakristo

Nabii Nathani alipotumwa kumkemea mfalme Daudi, hakuanza na kemeo. Alianza na hadithi: tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyenywea kikombe chake na kulala kifuani mwake, na msafiri aliyefika kwa tajiri akihitaji kulishwa. Daudi alisikiliza, akawaka hasira, akatoa hukumu. Baadaye ndipo akaambiwa mtu huyo ni yeye (2 Samweli 12). Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua upande kabla akili haijajua kesi ni ya nani.

Hivyo ndivyo hadithi inavyoingia kwa mtu, na kwa mtoto inaingia upesi zaidi. Ndiyo maana nina shaka kidogo na namna wengi wetu tunavyopima katuni. Tunahesabu: matusi mangapi, ngumi ngapi, mchawi yupo au hayupo. Hesabu hiyo ina kazi yake na nitaifikia, lakini filamu inaweza kufaulu hesabu yote na bado ikamfundisha mtoto kumdharau mama yake. Nyingine ina joka, ina vita, ina usiku wa kutisha, na mtoto anatoka pale akitamani kuwa mtu wa kutimiza ahadi. Kwa hiyo swali ninalolitanguliza ni hili: hadithi hii inamfanya mwanangu atamani nini, amshangilie nani, na amcheke nani?

Hatua zifuatazo ni za katuni za visa na safari, zile ambazo steringi anaondoka nyumbani, anakutana na hatari, anapata marafiki, kisha anarudi akiwa mtu mwingine.

Hatua ya kwanza: anza na mtoto, filamu baadaye

Filamu ileile inaweza kuwa furaha kwa mtoto wa miaka 10 na jinamizi kwa mdogo wake wa miaka 4. Kwa kawaida mtoto ambaye hajafika miaka 7 hivi huogopa kinachotisha machoni: meno, giza, sauti nzito, na hasa mtu anayegeuka umbo mbele yake. Kumwambia "ile si kweli, ni picha tu" hakumsaidii sana, kwa sababu mpaka kati ya kweli na picha bado haujakaa sawa kichwani mwake. Mkubwa wake anaweza kulitazama joka bila kupepesa, ila akaguswa na jambo linaloweza kutokea kweli: mzazi kufa, nyumba kuungua, rafiki kusaliti.

Binti yangu wa pili alikuwa na miaka 5 tulipotazama katuni moja niliyoiona ya upole kupita zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya joka. Joka likapita, akacheka. Kilichomliza ni tukio la nusu dakika ambapo uso wa bibi mmoja mwema ulibadilika ukawa wa mtu mwingine. Wiki nzima alikuwa akinikagua usoni kabla ya kulala, kuhakikisha kama mimi ni mimi.

Kwa hiyo chukua daftari, andika mambo matatu juu ya kila mtoto: anaogopa nini hasa, amepitia nini karibuni (msiba, kuhama, wazazi kugombana), na huiga nini. Mtoto aliyefiwa juzi hahitaji filamu inayoanza na kaburi, hata kama ni filamu nzuri na hata kama kila mtu darasani ameiona.

Halafu kuna muda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asipitishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na walio chini ya hapo wasiwekwe kabisa. Filamu nyingi za katuni huchukua kama dakika 80 hadi 110. Kwa mtoto wa miaka 3, basi, filamu nzima kwa mkupuo mmoja imeshazidi. Igawe siku mbili, na uikate penye utulivu, sio pale steringi anaponing'inia kwenye jabali.

Hatua ya pili: soma alama ya umri, na ujue isichopima

Mfumo wa Marekani ulianza mwaka 1968. G ni filamu ya watu wote. PG ni kama kumwambia mzazi, "angalia mwenyewe, huenda kuna yasiyofaa watoto." PG-13, iliyoongezwa mwaka 1984, inawaonya vikali zaidi wazazi wa walio chini ya miaka 13. Uingereza hutumia U, PG, 12A na kuendelea. Pembeni ya alama mara nyingi pana maelezo mafupi ya sababu, kama vile hatari, picha za kutisha au vichekesho vya chooni. Hayo ndiyo ya kusoma, maana herufi peke yake haisemi mengi.

Alama hizi huangalia zaidi vurugu, lugha, mambo ya mapenzi na vileo. Hazipimi huzuni vizuri, na mafundisho hazipimi kabisa. The Lion King ya mwaka 1994 na Finding Nemo ya mwaka 2003 zote zilipewa G. Katika ya kwanza, mtoto anajaribu kuuamsha mwili wa baba yake aliyekufa. Katika ya pili, mama samaki na mayai yake yote isipokuwa moja yanapotea kabla hadithi haijashika kasi. Sisemi zilipimwa vibaya. Ninasema yule aliyezipima hakuwa akimfikiria mwanao.

Baada ya alama, tafuta uchambuzi wa maandishi. Tovuti ya Plugged In huandikwa kwa mtazamo wa Kikristo na huwa na sehemu maalumu ya mambo ya kiroho yaliyomo kwenye filamu. Tovuti ya Common Sense Media hupendekeza umri na kueleza kwa nini. IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, ina ukurasa wa wazazi unaoorodhesha matukio, ambao huandikwa na watazamaji wenyewe. Soma angalau mbili, na usiende moja kwa moja kwenye hukumu ya mwandishi. Tafuta anapoeleza tukio: nani alifanya nini, kwa muda gani, na kilichofuata. Hukumu utaitoa mwenyewe, wewe unayemjua mtoto.

Trela usiitegemee. Imekatwa ili ikuuzie tiketi, na mara nyingi vichekesho vyote vimo humo huku kilio kimeachwa nje.

Hatua ya tatu: itazame wewe kwanza, au angalau sehemu nne

Ukiweza kuitazama yote, watoto wakiwa wamelala, fanya hivyo. Najua wengi hawawezi. Basi tazama sehemu nne, kwa sababu katuni za safari zina mifupa inayofanana.

Dakika 10 za mwanzo, ambako ndiko wazazi wa steringi hufia mara nyingi, na ambako unaambiwa anakosa nini maishani. Kisha pale anapoondoka nyumbani, mara nyingi kati ya dakika ya 20 na ya 30: sikiliza sababu anayoitoa, na nani anamwambia usiende. Tatu, robo tatu ya filamu, ambapo mambo huwa yameharibika kabisa. Hapo ndipo penye giza zito, na pia ndipo mtu fulani hutoa ushauri unaobeba ujumbe wote wa filamu. Mwisho, dakika 10 za kufunga: nani amepata nini, nani ameadhibiwa, nani amesamehewa.

Jambo moja husahaulika sana. Itazame kwa sauti ileile watakayoisikia watoto. Filamu iliyotafsiriwa wakati mwingine huwa na maneno ambayo hayamo kwenye filamu yenyewe. Mtafsiri hujiongezea utani, na utani wake huenda usiufurahie.

Hatua ya nne: uliza hadithi inapenda nini

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ukikosa muda wa nyingine, hii usiikose.

Anza na steringi anachokitaka. Katika katuni nyingi jibu ni uhuru, umaarufu, au "kuwa mimi halisi", na njia ya kukipata ni kufuata moyo. Yeremia 17:9 inauita moyo mdanganyifu kuliko vitu vyote, na Mithali 4:23 inatuagiza tuulinde. Moyo ni wa kulindwa. Maandiko hayauachii usukani. Lakini tusiwe wepesi wa kurusha mawe. Wakati mwingine mhusika anaposema "fuata moyo wako" anamaanisha tu "usiogope watu", na hilo hata Yoshua aliambiwa kwa namna yake. Tofauti utaiona kwa kutazama moyo huo unamgharimu nani. Steringi akifuata moyo wake na wengine wakalipia, halafu hadithi ikampigia makofi, hapo weka alama daftarini.

Ndipo tunafika kwenye gharama. Tenganisha anachosema mhusika na kinachosemwa na hadithi nzima. Mfano bora ninaoujua ni ule wimbo wa The Lion King ambao sisi tunaozungumza Kiswahili tunausikia kwa sikio la ziada. Marafiki wawili, Timon na Pumbaa, wanamfundisha Simba, yule mtoto aliyefiwa na baba, kuishi kwa "hakuna matata": yaliyopita yamepita, usijali kitu. (Mimi nyumbani ningesema "hakuna shida", lakini tuyaache hayo.) Ukiuchukua wimbo peke yake, ni injili ya kukwepa wajibu. Ukiichukua hadithi yote, utaona Simba anakua kwa raha huku nyumbani kwao kunaharibika chini ya mwovu, mpaka anaposhtuliwa na kurudi. Hadithi inaupinga wimbo. Tatizo ni kwamba mtoto huiona hadithi mara tatu na kuuimba wimbo mara mia tatu. Kwa hiyo mzazi ana kazi ya kumuuliza, kwa upole, bila kukatiza kuimba: "Hivi Simba alipokuwa anaimba hivyo, nyumbani kwao kulikuwaje?"

Halafu wazazi. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika katuni za safari, kuliko hata uchawi. Kuna mtindo uliozoeleka: baba ni mjinga au muoga, mama ni wa kugombeza tu, mtoto anavunja agizo, na mwishoni inathibitika kuwa mtoto ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Mzazi anaomba radhi, mtoto haombi. Linganisha na Finding Nemo. Nemo anamkaidi baba yake kwa makusudi, na kwa ukaidi huo anakamatwa. Baba naye, aliyembana mwanawe kwa hofu, anajifunza kulegeza mkono. Wote wawili wana la kujifunza, na hakuna anayefanywa kichekesho. Siogopi filamu inayoonyesha mzazi akikosea, kwani Biblia imejaa wazazi waliokosea. Naogopa ile inayomfanya mzazi kuwa kizuizi cha kurukwa.

Na adui ana sura gani? Mtazame kwa dakika moja sauti ikiwa imezimwa. Mara ngapi mwovu ndiye mwenye kovu, mwenye nundu, mnene, mzee, au mwenye lafudhi ya kigeni, wakati mwema ana macho makubwa na ngozi laini? Katika The Lion King, jina lenyewe la mwovu, Scar, maana yake ni kovu. Mtoto anayelishwa sura hizi miaka 6 mfululizo anajifunza kumtambua mbaya kwa macho, ilhali Samweli aliambiwa kwamba mwanadamu huitazama sura ya nje bali BWANA huutazama moyo (1 Samweli 16:7). Hakuna alama ya umri itakayokuonya juu ya hili. Filamu inayomfanya mwovu awe mzuri wa sura na mwenye maneno matamu, kwangu mimi, ina sifa ya ziada.

Upande wa pili wa sarafu: filamu ambayo haimtaji Mungu hata mara moja inaweza kuwa na kujitoa kwa ajili ya mwingine, msamaha mgumu, ahadi iliyotimizwa kwa hasara. Paulo akiwa Athene aliwanukuu washairi wa wenyeji ili kusema jambo la kweli (Matendo 17:28). Ukiona la kweli, lipokee na ulitumie.

Hatua ya tano: uchawi, mizimu na nguvu za ajabu

Hapa Wakristo hawakubaliani, na sitajifanya tunakubaliana. Kuna nyumba ambazo fimbo ya kichawi ikionekana tu, filamu inazimwa. Kuna nyumba nyingine zinazoona ni ndoto za kisanii. Sioni sababu ya upande mmoja kuudhihaki mwingine; 1 Wakorintho 8, kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu, inatosha kutufundisha namna ya kuishi na dhamiri zilizotofautiana. Ninachoweza kukupa ni maswali matatu ya kupambanulia.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Mnyama anayezungumza si uchawi. Ni kanuni ya dunia ya hadithi ile. Biblia yenyewe ina miti inayozungumza, katika mfano wa Yothamu (Waamuzi 9), na hakuna aliyewahi kuuita ushirikina. Jambo ni jingine pale nguvu inapotafutwa kwa kuita roho, kuagua, kupiga ramli au kuuliza wafu. Hayo yametajwa kwa majina na kukatazwa katika Kumbukumbu la Torati 18.

Je, mtoto anaweza kuiigiza? Hakuna atakayeruka kwa zulia, hata akijaribu. Lakini mshumaa, duara la chaki sakafuni, maneno ya kurudiarudia na jina la aliyekufa, hivyo vyote anaweza kuvipata jioni hiyohiyo. Kadiri tendo linavyokaribia kinachofanywa na waganga wa kweli, ndivyo ninavyokuwa mgumu zaidi. Na kwa mtoto ambaye katika ukoo wake uchawi husemwa kwa kunong'ona, ambaye ameshasikia watu wazima wakisema fulani amerogwa, hii si mchezo wa kufikirika hata kidogo. Filamu iliyotengenezwa na watu wanaouona uchawi kama hadithi tu itamfikia yeye kwa uzito mwingine.

Na hadithi inaionaje nguvu hiyo? Je, ina bei? Je, anayeitamani anaharibika? Au ni zawadi ya bure inayomfanya steringi awe bora kuliko wengine?

Kuhusu wafu, chukua Coco ya mwaka 2017. Ni hadithi nzuri sana juu ya familia, na imejengwa juu ya dhana kwamba marehemu huvuka kuwatembelea jamaa picha zao zikiwekwa kwenye madhabahu ya nyumbani, na kwamba asiyekumbukwa tena na yeyote aliye hai hutoweka kabisa. Mkristo hawezi kuipita dhana hiyo kimyakimya. Familia nyingine itaamua kuiacha. Familia nyingine itaitazama na mtoto wa miaka 9, kisha imuulize: "Mtu ambaye kila mmoja amemsahau, nani anamkumbuka?" Isaya 49 ina jibu: mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, lakini Mungu amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Nimeona swali hilo likifungua mazungumzo ambayo somo la Jumapili halijawahi kuyafungua. Lakini ni la mtoto aliye tayari, na mzazi aliye tayari pia.

Hatua ya sita: zile hesabu

Sasa hesabu, kwa haraka. Kwenye mapigano, tazama kinachofuata baada ya pigo: je, aliyepigwa anaumia, na je, kuna anayejuta? Kipigo kisicho na maumivu ndicho mtoto anachokipeleka kwa mdogo wake. Vichekesho vya chooni ni suala la ladha zaidi kuliko la dhambi, ingawa utavisikia mezani wiki nzima. Mafumbo ya watu wazima huwekwa ili kuwachekesha wazazi, na watoto wadogo hawayashiki. Wa miaka 11 wanayashika. Angalia wasichana wamechorwa na kuvishwa vipi, na kama penzi linazaliwa kwa kutazamana tu. Katika baadhi ya katuni za miaka ya karibuni wamo wapenzi wa jinsia moja, mara nyingine kwa sekunde chache. Uchambuzi wa maandishi utakutajia hilo. Amua mapema utamwambia nini mwanao, na useme bila kumfundisha kumdhihaki mtu yeyote. Mwisho, soma maneno ya nyimbo, maana hizo zitabaki nyumbani kwenu baada ya filamu kusahaulika.

Hatua ya saba: filamu za Biblia nazo zipimwe

Wazazi wengi wakiona Musa au Daudi kwenye jalada huacha ulinzi mlangoni. The Prince of Egypt ya mwaka 1998 ni kazi ya hali ya juu, na inaanza kwa kukiri yenyewe kwamba imejipa uhuru wa kisanii. Katika filamu, anayekiokota kikapu mtoni ni mke wa Farao. Kutoka 2 inasema ni binti Farao. Tofauti hiyo haimpotezi mtu imani, lakini mtoto ataikumbuka picha kuliko mstari. Dawa yake ni rahisi na inafurahisha: someni sura husika jana yake, kisha wape watoto kazi ya kukamata kila palipobadilishwa. Hakuna kitu watoto wanachokipenda kama kumkamata mtu mzima akikosea.

Kosa kubwa zaidi katika katuni za Biblia halipo kwenye vikapu. Ni pale Daudi na Goliathi inapogeuzwa kuwa somo la kujiamini. Kipimo changu ni hiki: mwondoe Mungu kwenye hadithi kama ilivyosimuliwa. Ikiendelea kusimama bila kutikisika, basi wameibadilisha, hata kama kombeo na mawe matano vyote vipo.

Hatua ya nane: toa uamuzi

Nyumbani kwetu kuna majibu manne. "Ndiyo." "Ndiyo, tukiwa pamoja." "Bado." Na "hapana", ambalo tunalitumia mara chache ili lisichakae. "Bado" ndilo lenye kazi kubwa, kwa sababu ni la kweli: filamu nyingi tunazozikataa zina tatizo la umri tu.

Baba na mama wakubaliane pembeni, mtoto asipokuwepo. Mkishindwa kukubaliana, asikilizwe mwenye wasiwasi zaidi, kwa sasa. Kusubiri mwaka mmoja hakumpunguzii mtoto kitu. Na mtoto akiambiwa "bado", apewe sababu, hata fupi. Paulo anaonya tusiwachokoze watoto (Waefeso 6:4), na katazo lisilo na sababu huchokoza.

Kwa nyumba za watu wengine, nimejifunza kusema mapema na kwa ufupi: "Asante kwa kuwaalika. Mtatazama katuni gani? Huyu wetu mambo ya mizimu bado yanamsumbua usiku." Sijawahi kujibiwa vibaya. Kwa mtoto mwenyewe: "Ukiona kitu kinakusumbua, toka chumbani, nenda kanywe maji. Hakuna atakayekugombeza." Na bibi na babu watatazamisha wanachotaka kutazamisha; wape orodha fupi ya zinazofaa badala ya orodha ndefu ya marufuku, itawasaidia na wao.

Hatua ya tisa: tazameni pamoja, kisha zungumzeni

Wakati wa filamu, nyamaza. Mzazi anayehubiri katikati ya tukio huharibu filamu na mahubiri pia. Sema tu pale mtoto anapoogopa, na ikibidi kuzima, zima bila fedheha: "Hii imetuzidi leo, tutaimalizia siku nyingine." Ila mtoto aliyeogopa sana, kama anaweza kuvumilia, msimulie inavyoisha. Tukio la kutisha lililokatwa katikati hukaa kichwani bila mwisho, na usiku yeye ndiye atakayelitungia mwisho.

Baadaye, si lazima palepale, uliza. Njiani au wakati wa kuosha vyombo ni bora kuliko kikao rasmi. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuondoka, na mimi njiani ndipo nimepata majibu mengi zaidi. Maswali yawe ya wazi. Kijana wangu akiwa na miaka 8 tulizungumza hivi:

"Nani alikuwa jasiri kuliko wote?"

"Yule panya."

"Si yule askari?"

"Askari alikuwa na upanga, baba. Panya alikuwa anatetemeka lakini akaenda."

Ningeongeza nini hapo? Sikuongeza kitu. Siku nyingine jibu huwa "sijui", na tunaosha vyombo.

Hatua ya kumi: vifaa

Yote haya hayana maana kama filamu inayofuata inajianzisha yenyewe. Kwenye Netflix mfungulie mtoto akaunti yake ndogo ya watoto, zima kucheza kwa mfululizo, na ujue unaweza kuficha filamu moja moja kwa jina. Kwenye YouTube Kids kuna mpangilio unaoruhusu video ulizoziidhinisha wewe tu. Kwa walio chini ya miaka 7 ningetumia huo. Mwaka 2017 ilifichuliwa sana kwenye vyombo vya habari jinsi video za ovyo, zenye wahusika maarufu wa katuni, zilivyokuwa zikiwafikia watoto YouTube. Sura inayojulikana haitoshi kuthibitisha kilichomo. Skrini ikae sebuleni, na neno la siri lisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, wanaijua.

Kila uamuzi uandike kwenye lile daftari: jina la filamu, jibu, sababu kwa sentensi moja, na tarehe. Kila baada ya miezi kama 6 rudia ukurasa wa "bado" mkiwa pamoja na mtoto mwenyewe.

Yule binti aliyekuwa akinikagua usoni alipofika miaka 9 alikuta katuni ile kwenye orodha, akaomba tuirudie. Tukio la bibi lilipofika alitazama mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni hii tu?" Kisha akageuka kuniangalia, mara moja.